Kitabu cha nne cha Ursula Le Guin

Mwaka 1990 wasomaji waliokuwa wamesubiri miaka 18 kupata habari za Ged, shujaa wa vitabu vya visiwa vya Earthsea, walifungua riwaya mpya ya Ursula K. Le Guin, na kwa kurasa nyingi Ged hakuwamo. Aliyekuwamo ni mjane wa makamo, mwenye shamba la marehemu mumewe, jiko, kondoo, na mtoto wa kike wa kulea aliyeungua nusu ya uso. Ged alipofika hatimaye, aliletwa mgongoni mwa joka, hajitambui. Uganga uliomfanya mkuu wa waganga wa visiwa vyote ulikuwa umemwisha. Mtu aliyekuwa akituliza tufani kwa neno moja akaenda kuchunga mbuzi mlimani.

Tehanu ndilo jina la kitabu hicho, cha nne katika mfululizo wa Earthsea. Wako waliokipokea kwa shangwe, na wako waliosema mwandishi ameisaliti kazi yake mwenyewe, kwamba ameleta siasa za wanawake mahali palipokuwa na majoka na bahari. Mimi niko upande wa wanaokipenda, nasema mapema ili msomaji ajue. Kisa ninachokichambua ni hiki: mtu anaandika vitabu vitatu vya watoto, kila kimoja kinapata heshima kubwa, vinaingia shuleni na maktabani, kisha anagundua kwamba vitabu hivyohivyo vilivyomjengea jina vimewaacha watu nje ya mlango. Vimeshachapishwa. Watoto wa kizazi kizima wameshavipenda. Afanyeje?

Inafaa kuanzia nyumbani kwao mwandishi. Le Guin alizaliwa Berkeley, California, tarehe 21 Oktoba 1929. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia mashuhuri, aliyefanya kazi miaka mingi kuandika lugha na mila za wenyeji wa asili wa California. Mwaka 1911, miaka 18 kabla Ursula hajazaliwa, alijitokeza mtu wa mwisho wa jamii ya Wayahi, jamii iliyokuwa imeangamizwa na walowezi. Kwa desturi ya watu wake hakuweza kujitaja jina mbele ya wageni. Kroeber akamwita Ishi, neno lenye maana ya "mtu" katika lugha yao. Ishi alifariki mwaka 1916, na jina lake la kweli hakuna aliyebaki nalo. Aliyekuja kuandika kitabu cha maisha yake ni mama yake Ursula, Theodora Kroeber. Kilitoka mwaka 1961, mama huyo akiwa ameshavuka miaka 60.

Sidai kwamba Ishi ndiye aliyezaa Earthsea. Lakini msomaji anayejua habari hiyo, akifika kwenye visiwa vya Le Guin, ambako kila mtu ana jina la kweli analolificha na kumpa yule tu anayemwamini kwa uhai wake, hawezi kuliona jambo hilo kuwa pambo la hadithi. Na mama aliyeanza kutoa vitabu uzeeni, baada ya kulea, ni kielelezo ambacho binti alikuwa nacho ndani ya nyumba.

Binti mwenyewe alianza mapema. Akiwa na miaka 11 alipeleka hadithi kwenye jarida la bunilizi ya kisayansi, ikarudishwa. Akasoma chuo cha Radcliffe, kisha fasihi ya Kifaransa na Kiitaliano katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1953, akiwa melini kuelekea Ufaransa kwa ufadhili wa masomo, alikutana na mwanahistoria Charles Le Guin, na kabla mwaka haujaisha wakafunga ndoa Paris. Baadaye wakahamia Portland, Oregon, mume akifundisha chuoni. Wakapata watoto watatu, na mama akawa anaandika usiku wakishalala. Kwa karibu miaka kumi miswada yake ya riwaya ilikuwa ikirudi, kwa kuwa wachapishaji hawakujua waiweke kwenye rafu gani. Ilihusu nchi ya Ulaya isiyokuwemo katika ramani yoyote, na haikuwa fantasia wala uhalisia wa kawaida. Ni majarida ya fantasia na ya bunilizi ya kisayansi yaliyomfungulia mlango, kuanzia mwaka 1962. Hadithi mbili alizotoa mwaka 1964 zilikuwa na visiwa na waganga ndani yake, na moja ilikuwa na joka. Zilikaa hapo.

Mwaka 1967 Herman Schein, mwenye shirika dogo la uchapishaji la Parnassus Press huko Berkeley, alimwomba aandike kitabu cha vijana wa kuanzia miaka 11 hivi. Hakumpa sharti la mada. Le Guin hakuwa amewahi kuwaandikia vijana, na ombi lenyewe lilimtia wasiwasi. Kilichomfungua ni swali moja. Waganga wa hadithi za Ulaya huwa ni wazee wenye ndevu nyeupe. Je, walipokuwa wavulana walikuwaje, na ujuzi huo walijifunzia wapi? Akachukua karatasi kubwa, akachora visiwa, akavipa majina, ndipo akaanza kuandika. A Wizard of Earthsea ikatoka mwaka 1968, ikiwa na michoro ya Ruth Robbins. Shule ya waganga katika kisiwa cha Roke ilikuwepo basi karibu miaka 30 kabla ya ile shule nyingine ya Uingereza, ya Harry Potter, ambayo leo kila mtoto anaitaja.

Neno "mganga" ninalolitumia linataka maelezo, maana hapa ndipo penye mzizi wa kisa. Kiingereza kina neno moja la mwanamume mwenye nguvu hizo, na neno hilo lina hadhi. Kina neno jingine la mwanamke mwenye nguvu zilezile, na hilo limebeba dharau pamoja na kuni walizochomewa watu. Kiswahili hakigawi hivyo. Sisi tunagawa kwa tendo: mganga anaponya, mchawi anaangamiza, na kila mmoja wao anaweza kuwa mwanamume au mwanamke. Atakayetaka kuihamishia Earthsea katika Kiswahili atalikosa tabaka hilo tangu kwenye jina la kitabu, na itabidi alijenge upya kwa njia nyingine. Kwa sababu Le Guin aliliandika waziwazi. Kwenye kurasa za mwanzo kabisa anataja misemo miwili ya kisiwa cha Gont: dhaifu kama uganga wa mwanamke, na muovu kama uganga wa mwanamke. Aliitaja tu, akapita. Mtoto anayesoma hapewi mtu yeyote wa kuibishia.

Hadithi yenyewe ni ya mvulana mchunga mbuzi mwenye kipaji na kiburi. Shangazi yake wa upande wa mama, mganga wa kijiji, ndiye anayemfundisha maneno ya kwanza. Anakwenda Roke, anachokozana na mwenzake, na kwa kutaka kumwonyesha nguvu zake anamwita maiti. Ufa anaoufungua unapitisha kivuli kinachomrarua uso. Mkuu wa shule anakufa akiuziba. Kitabu kizima kinachobaki ni kukikimbia kivuli hicho, kisha kukigeukia na kukifuata, mpaka katikati ya bahari ambako Ged anakiita kwa jina lake mwenyewe. Hakuna vita ya mwisho, wala mfalme mwovu wa kuuawa. Kwa kitabu cha watoto cha mwaka 1968, chenye majoka, hilo lilikuwa jambo la ujasiri, na bado linanisisimua kila ninapolifikia.

Jambo jingine alilipanga kwa makusudi. Ged ana ngozi ya hudhurungi nyekundu, na rafiki yake mpenzi, Vetch, ni mweusi. Watu wa visiwa karibu wote ni weusi au wa rangi ya shaba. Weupe wenye nywele za njano ni Wakarg, wavamizi wanaochoma vijiji. Le Guin hakulipigia ngoma jambo hilo. Alieleza baadaye kwamba alitaka msomaji mweupe ajikute ameshaingia ndani ya ngozi ya Ged kabla hajagundua ni ngozi ya rangi gani. Wasanifu wa majalada walilitambua, au hawakulitambua, na kwa miaka mingi matoleo mengi yalimweka mvulana mweupe kwenye jalada. Mwandishi alipigana na majalada hayo kadiri mkataba ulivyomruhusu, na mikataba ya siku zile haikumruhusu sana. Nitalirudia hili, kwa kuwa liliibuka tena kwa ukali mwaka 2004.

Heshima zikaja moja baada ya nyingine. Kitabu cha kwanza kilipata tuzo ya Boston Globe–Horn Book mwaka 1969. Cha pili, The Tombs of Atuan, kilitoka mwaka 1971, kikatajwa miongoni mwa vitabu vya heshima vya tuzo ya Newbery mwaka 1972. Cha tatu, The Farthest Shore, cha mwaka 1972, kikashinda National Book Award ya vitabu vya watoto mwaka 1973. Katikati ya hayo alikuwa ameshatoa riwaya ya watu wazima, The Left Hand of Darkness, iliyobeba Hugo na Nebula, tuzo kubwa za bunilizi ya kisayansi na fantasia. Angeweza kukaa hapo. Mfululizo ulikuwa umekamilika, una mwanzo wa kijana, katikati, na mwisho wa mtu mzima anayetumia nguvu zake zote kuziba ufa kati ya walio hai na wafu.

Sasa hesabu wanawake. Katika Roke hawaruhusiwi kusoma, wala hakuna anayeuliza kwa nini. Waganga wakubwa hawaoi. Kitabu cha pili kina msichana, Tenar, aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo, akanyang'anywa jina, akaitwa Aliyeliwa, akawekwa kuhudumia makaburi gizani. Ni kitabu kizuri ajabu. Lakini Tenar hatoki gizani mpaka Ged aingie. Akishatoka, anashuka bandarini amevaa nusu mbili za pete zilizounganishwa, watu wanamshangilia, na baada ya hapo hana la kufanya. Katika kitabu cha tatu hayumo. Mwandishi mwanamke, mama wa mabinti wawili, aliumba dunia yenye visiwa chungu nzima, na hakukuwa na kazi ndani yake kwa mwanamke aliyemkomboa mwenyewe kutoka kaburini.

Hapa ndipo kisa kinaponigusa zaidi. Jicho lililoona suala la rangi kwa usahihi, miaka mingi kabla wachapishaji hawajaliona, halikuona hili. Na si kwa ubaya. Hadithi za mashujaa alizolelewa nazo zilikuwa za wanaume, na alizijua kiasi cha kuziandika kama anayepumua. Mwaka 1992, katika mhadhara alioutoa Oxford kuhusu vitabu hivi, alisema kwamba alikuwa akiandika kwa sehemu kama mwanamume wa kutengenezwa, akifuata kanuni, na kwa sehemu akizipinga kanuni hizo bila kukusudia. Naona maelezo hayo ni ya haki kwa pande zote mbili. Alizifuata na kuzipinga kwenye ukurasa mmoja.

Aliligundua mapema kuliko watu wanavyodhani. Mara tu baada ya kitabu cha tatu alijua kwamba hadithi ina mguu wa nne, na kwamba ni wa Tenar. Akaanza kuuandika. Akakwama. Alijua kwamba Tenar, aliyekuwa amepewa nafasi ya kusoma kwa Ogion, mwalimu yuleyule wa Ged, aliyaacha masomo hayo akaolewa na mkulima. Lakini hakujua kwa nini. Akaweka kalamu chini, na haikuinuliwa kwa ajili ya kitabu hicho kwa miaka mingi.

Wako waandishi ambao wangejaza pengo hilo kwa sababu yoyote, wakatoa kitabu, wakalipwa. Le Guin alikuwa na wasomaji tayari na tuzo kadhaa mkononi. Alisubiri. Katika kusubiri huko ndipo alipojifunza kujikosoa hadharani, na mfano ulio wazi zaidi hauhusu Earthsea. Riwaya yake ya mwaka 1969, The Left Hand of Darkness, ina watu wa sayari ambao si wanaume wala wanawake, ila kwa siku chache za mwezi. Aliwataja wote kwa kiwakilishi cha Kiingereza cha mwanamume. Wakosoaji wakalalamika kwamba msomaji anaishia kuwaona wote wanaume. Mwaka 1976 aliandika insha kutetea uamuzi huo. Mwaka 1987 alibadili msimamo, na njia aliyoitumia ndiyo ninayoomba msomaji aishike: hakuitupa insha ya zamani. Aliichapisha tena ilivyokuwa, neno kwa neno, na pembeni yake akaweka maelezo mapya akijibishana na nafsi yake ya miaka kumi na moja nyuma. (Sisi tunaosema "yeye" kwa kila mtu tungeisoma riwaya hiyo bila tatizo hilo hata kidogo. Natamani siku moja mtu aitafsiri, tuone Kiswahili kinavyoitendea haki kuliko lugha iliyoandikiwa.)

Ndivyo alivyofanya na Earthsea. Hakugusa mstari wa vitabu vitatu vya kwanza. Hakuandika toleo jipya lenye wasichana Roke. Kitabu cha tatu kilikuwa kimemalizika kwa masimulizi mawili tofauti ya alikoishia Ged: moja linasema alihudhuria kutawazwa kwa mfalme kisha akasafiri peke yake baharini, na jingine, la watu wa Gont, linasema hakuhudhuria, yuko milimani kwao. Ufa huo aliuacha mwenyewe mwaka 1972, na mwaka 1990 akaingilia hapohapo. Tehanu inaanza karibu siku zilezile ambazo The Farthest Shore inamalizikia. Nje ya kitabu imepita miaka 18, na ndani hata msimu haujapita. Kilichobadilika ni mahali anaposimama msimuliaji. Mwanzo alisimama kwenye omo la mashua. Sasa anasimama mlangoni pa jiko.

Na kutoka jikoni kila kitu kinaonekana upya. Tenar ndiye anayemuuguza Ogion mpaka anakufa, na waganga wawili wanaokuja kumzika hawamsikii anapolitaja jina la kweli la marehemu, kwa sababu hawakutegemea mwanamke alijue. Ged, aliyepoteza uganga, anaona haya kama mtu aliyevuliwa nguo, anajificha asikutane na wajumbe wa mfalme. Maswali ambayo vitabu vitatu havikuyauliza yanaulizwa na wanawake wawili wakiwa kwenye kazi zao: mwanamume aliyejaa nguvu, zikimtoka, ndani yake kunabaki nini? Mwanawe Tenar anarudi kutoka baharini, anaambiwa aoshe sahani yake, anajibu kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Mama anatambua kwamba amemlea yeye mwenyewe hivyo. Nimesoma riwaya nyingi za mapambano makubwa, na chache zimenichoma kama sahani ile.

Katikati ya yote yuko Therru, mtoto aliyepigwa, akanajisiwa, na kusukumwa motoni na watu waliopaswa kumlea. Mkono wake mmoja umekuwa kama ukucha, na jicho moja halioni. Le Guin halielezi tendo hilo kwa urefu, lakini hafichi kilichotokea. Hapa ndipo lilipozuka swali la kama hiki bado ni kitabu cha watoto. Mimi nilikisoma mara ya kwanza nikiwa kijana, nikakiacha katikati, nikitaka majoka. Nilikirudia nikiwa mzazi, na nikaona kwamba joka lilikuwepo tangu ukurasa wa mwanzo, ila sikulitambua kwa sababu lilikuwa limekaa pembeni ya moto likinyamaza. Jina la kweli la mtoto huyo ndilo jina la kitabu. Mwishoni Tenar na Ged wanapofikishwa ukingoni mwa jabali na mganga anayewachukia, hawaokolewi na upanga wala na nguvu za Ged kurudi. Hazirudi kamwe. Mtoto ndiye anayeita, na joka mkuu anakuja, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wake.

Kuhusu tuzo kuna jambo ambalo halipewi uzito wa kutosha. Vitabu vitatu vya kwanza vilituzwa na watu wa vitabu vya watoto. Tehanu ilipata Nebula ya riwaya bora ya mwaka 1990, tuzo inayopigiwa kura na waandishi wenzake wa fantasia na bunilizi ya kisayansi. Naliona hilo kuwa ni alama ya mahali kitabu kilipoangukia: waliokielewa kwanza ni mafundi, watu wanaojua ugumu wa kufungua kazi iliyokamilika bila kuivunja.

Alikosea jambo moja, na akalikiri. Kwenye jalada aliandika kwamba hiki ndicho kitabu cha mwisho cha Earthsea. Baadaye alisema alijiamini kupita kiasi. Mwaka 2001 vikatoka viwili: mkusanyiko wa hadithi, Tales from Earthsea, na riwaya The Other Wind, iliyoshinda World Fantasy Award mwaka 2002. Katika mkusanyiko huo alifanya ukarabati mkubwa kuliko wote. Alirudi nyuma karne kadhaa kabla ya Ged na kuonyesha kwamba shule ya Roke ilianzishwa na wanawake na wanaume pamoja, watu wa mtandao wa siri waliokuwa wakisaidiana wakati wa maharamia na wababe wa vita. Wanawake walitolewa baadaye, na kisha kutolewa kwenyewe kukasahauliwa. Kwa hiyo vitabu vya 1968 hadi 1972 havikusema uongo. Vilisema kile ambacho Roke ilikuwa ikijiambia. Pengo la mwandishi liligeuzwa kuwa pengo la historia ya visiwa, na kila anayejua jinsi historia inavyoandikwa atakubali kwamba hilo lina ukweli kuliko kisingizio chochote.

The Other Wind sitaieleza sana. Inabomoa ukuta wa nchi kavu ya wafu, ile ambayo Ged aliilinda kwa gharama ya nguvu zake zote. Kuna wasomaji wanaoona hapo mwandishi alijikosoa kupita mpaka. Mimi naona kilikuwa kitabu cha mtu wa miaka 71 anayefikiri juu ya kifo kwa uaminifu.

Basi nirudi kwenye rangi. Mwaka 2004 Le Guin alipewa tuzo ya Margaret A. Edwards na chama cha maktaba cha Marekani kwa mchango wake kwa wasomaji vijana. Desemba ya mwaka huohuo televisheni ya Sci Fi Channel ilirusha tamthilia ya Earthsea. Ged alikuwa mweupe. Karibu wote walikuwa weupe, isipokuwa wachache kama Danny Glover aliyecheza Ogion. Mwandishi alikuwa ameuza haki za kuigiza akiamini atasikilizwa, na akagundua hana sauti. Aliandika makala kali katika jarida la Slate, akaeleza jambo alilolifanya kimyakimya miaka 36 nyuma na jinsi lilivyofutwa. Aliandika pia kwamba wasomaji wasio weupe walikuwa wakimwambia kwamba, utotoni, vitabu vile vilikuwa vya kwanza kuwaonyesha kwamba na wao wamo katika fantasia. Nakiri nilipokuwa mdogo mimi pia nilisimama kwenye ukurasa ule unaotaja rangi ya Vetch, nikaurudia mara mbili.

Kwa anayeandika, funzo la kimkataba liko wazi: haki ya kuigiza ukishaisaini, jina lako linabaki juu na uamuzi unahama. Lakini naona pia tofauti ya aina mbili za kubadilisha hadithi. Le Guin alibadilisha Earthsea kwa kuongeza waliokosekana. Televisheni iliibadilisha kwa kuwaondoa waliokuwemo.

Hakuacha kuwaandikia vijana. Kati ya mwaka 2004 na 2007 alitoa riwaya tatu za mfululizo mwingine, na ya tatu, Powers, inayosimuliwa na mvulana mtumwa, ilimpa Nebula nyingine akiwa na miaka 79. Mwaka 2014, alipopokea nishani ya National Book Foundation kwa mchango wa maisha yote, aliipokea kwa niaba ya waandishi wa fantasia na bunilizi ya kisayansi ambao kwa miaka 50 waliwaona wenzao wa uhalisia wakibeba tuzo. Kisha akawageukia wachapishaji waliokuwa ukumbini, wakiwemo wake mwenyewe, akawalaumu kwa kuziuzia maktaba za umma vitabu vya kielektroniki kwa bei mara sita au saba ya bei wanayolipa wanunuzi wa kawaida. Alikuwa na miaka 85, amesimama jukwaani na nishani mkononi.

Alifariki nyumbani kwake Portland tarehe 22 Januari 2018. Miezi michache baadaye ikatoka The Books of Earthsea, juzuu moja nzito yenye vitabu vyote sita na hadithi zilizobaki, kwa kumbukumbu ya miaka 50 ya kitabu cha kwanza. Michoro ni ya Charles Vess, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akimtumia mwandishi kila mchoro, naye akiukubali au akiurudisha. Humo Ged ana rangi aliyopewa mwaka 1968. Na kwenye kurasa za mwanzo misemo ile miwili ya Gont imo palepale, haikuguswa hata herufi: dhaifu kama uganga wa mwanamke, muovu kama uganga wa mwanamke. Mtoto anayekifungua leo ataikuta. Akiendelea kusoma, baada ya mamia ya kurasa, atamkuta Tenar jikoni kwake, akiishikilia misemo hiyohiyo na kuuliza ni nani aliyeitunga.